Kayaki kwenye barafu Alaska, nitatoboa?

Mgogo_Halisi: Wakuu, bro yuko Anchorage ananiita mwezi wa saba, anataka tukapige kasia kwa kayaki (kamtumbwi kembamba) Aialik Bay, ghuba yenye barafu kule hifadhi ya Kenai Fjords, tuone nyangumi na sili (wanyama wa baharini). Mi maji niliyozoea ni bwawa la Hombolo tu.

Dada_wa_Kondoa: Utatoboa, ila nendeni na muongozaji, na kutoka mji wa Seward mnapelekwa kwanza na boti maana ni mbali. Baridi la maji ya kule sio hili la Dodoma, ukidumbukia bila nguo maalum mikono inakufa ganzi fasta.

Jamaa_Mpwapwa: Na msiisogelee ile barafu kubwa inayoishia baharini (glacier)!! Mapande yanameguka yanaanguka baharini, wimbi linabinua kayaki. Sili wanapumzika juu ya hayo mapande, beba darubini.

Mgogo_Halisi: Viboko je?

Dada_wa_Kondoa: Hakuna 😂 ila dubu weusi wapo ufukweni, misosi usiache ovyo.