Gapi majike wamegeuka rangi, naomba ushauri

Habarini wakuu, nipo Moshi hapa Pasua, nafuga samaki wa urembo, gapi. Chakula kiliniishia nikapewa na jamaa anayezalisha vifaranga vya sato, kumbe ni kile cha methiltestosteroni (homoni ya kiume) cha kuwafanya vifaranga wawe madume, nami nikawalisha wote wiki 3 bila kujua. Sasa majike wana rangi kama madume, pezi la chini limechongoka na hakuna anayezaa wakati walikuwa wanazaa karibu kila mwezi, inaniuma kweli mbegu hii nimeitunza miaka 2. Chakula nimeacha, maji nabadilisha nusu kila wiki.

Je, watarudi kuzaa au nitafute majike wengine? Na yale maji nimemwagilia mchicha, tunaweza kuula?