Dirisha la masasisho limenidanganya, nimenunua bando jengine bure

Wakuu, leo nina hasira, atakayeniona mkali anisamehe.

Mie nina kisteshenari Wete. Kompyuta zangu tatu nilizitia mfumo wa Linux kwa sababu ya virusi vya fleshi za wateja, na hilo sijutii. Balaa ni haya madirisha ya kuwekea programu zisizotoka kwenye distro (aina ya Linux uliyoweka) yenyewe.

Juzi asubuhi kaja bibi na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, anataka kukiskani. Skana haionekani. Nikasema labda draiva (programu ya kuiendesha skana) imechakaa, nikafungua dirisha la masasisho. Kiduara kikazunguka weee, mwisho kinaniambia imeshindikana kupakua taarifa za ripo (ghala za mtandaoni za programu), kagua intaneti yako. Intaneti! Na kijana wangu hapo pembeni anaangalia mpira kwenye hotspoti hiyo hiyo. Nikazima, nikawasha, nikanunua bando jengine. Maneno yale yale. Bibi akanambia, "Mwanangu, n'tapita alasiri inshallah." Hajapita mpaka leo.

Usiku ndipo nikakumbuka Synaptic, ile programu ya kuwekea na kuondoa programu, yenye sura ya kizamani. Nikabonyeza kupakia orodha upya, ikanitolea sentensi nzima: ripo fulani haina faili la Release kwa toleo hili. Kumbe ni PPA (ripo ya mtu binafsi) moja niliyoiongeza zamani kwa ajili ya programu ya kukatia video, mwenyewe kaitupa, toleo jipya hakulitengenezea kitu. Kosa langu nalikubali: nilipopandisha mfumo, ripo za nje zilizimwa, nami nikairudishia tiki kwa kiherehere. Lakini si ungeniambia basi kwamba ripo ndiyo mbovu? Unanisingizia intaneti kwa nini?

Tiki nikaiondoa, orodha ikashuka bila ya kosa.

Haya, draiva. Nikashusha deb (faili la kuwekea programu) ya skana kutoka kwa waliotengeneza skana, nikaibofya mara mbili. Duka la programu likafunguka, likaniangalia, likanyamaza. Si kosa, si neno. GDebi, kidirisha cha kuwekea mafaili ya deb, ikaifungua faili ile ile na kuniandikia jina la maktaba (pakeji saidizi) inayokosekana. Dakika tano kazi imekwisha.

Na msije na Flatpak, ile njia nyengine ya kuwekea programu. Ile ni ya programu, draiva ya skana haikai humo. Na programu ya kwanza ukiiweka inakuja na runtime yake (mafaili ya kuiendeshea), mamia ya MB. Wenye faiba hamlioni hilo, sie tunaopima bando tunaliona.

Sasa swali. Synaptic ukibofya Origin inakuonesha kila pakeji (furushi la programu) imetoka ripo gani, raha tupu, ila kijana wangu akiiona anaogopa kugusa. Yupo anayejua kidirisha chepesi kinachoonesha asili ya pakeji, na kikikwama kinasema sababu yenyewe? Wa "tumia terminali" (kuandika amri) pita tu ndugu yangu, huyo kijana ndiye anayefungua duka asubuhi, si mimi.