MJADALA: Spika ya Bluetooth iliyopimwa Ulaya, kuna haja ya kuiombea kibali upya TCRA?

Mtoa mada (Dar):
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa hoja, maana Kariakoo kila mtu analalamikia pembeni na kwenye vikao vya wafanyabiashara hakuna anayelisema likaeleweka.

Sheria tunaijua. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 pamoja na kanuni zake inataka kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndipo kiingie sokoni, na wewe mwagizaji uwe na leseni yako. Kwa simu sina neno, kwa redio koli sina neno. Ila njoo kwenye spika ndogo za Bluetooth, balbu za Wi-Fi, saa za mkononi, kamera za kufunga dukani. Vyote hivi vinatumia masafa yale yale ya 2400 hadi 2483.5 MHz, yamefunguliwa karibu dunia nzima, nguvu yake ndogo haifiki hata nyumba ya tatu. Ulaya kwenyewe, kwa sheria yao ya vifaa vya redio ya 2014, mtengenezaji wa vitu kama hivi anapima, anaandaa faili lake, anatangaza mwenyewe kwamba kifaa kimetimiza viwango, anagonga alama yao ya CE, anauza. Haombi kibali ofisi yoyote. Sasa kwa nini sisi tuanze moja?

Na tusisahau anayeumia ni nani. Mwenye makontena yake ana mtu wa karatasi, ana mwanasheria, kwake gharama za kibali zinagawanyika kwenye pisi elfu kumi. Dada aliyeweka maboksi yake matano kwenye kontena la kuchangia kutoka Guangzhou atazigawanya kwenye nini? Ndiyo maana anaishia kuficha, boksi linaandikwa "vifaa vya nyumbani" na mambo yanaenda.

Pendekezo langu: vifaa vya nguvu ndogo vya masafa hayo vitambuliwe kwa vipimo vya nje, na nchi za Afrika Mashariki zikubaliane, modeli ikipita Nairobi au Kampala basi imepita na Dar. Chombo cha kukutanisha wasimamizi wa mawasiliano wa nchi hizi kipo tayari, EACO pale Kigali. Karibuni.

Fundi wa minara:
Mtoa mada umeongea vizuri lakini hapo kwenye "kilichopimwa nje kitambuliwe" nakupinga kabisa na nitakueleza kwa nini.

Kuna simu za mezani zisizo na waya, za Marekani, zimeandikwa DECT 6.0. Zimepimwa Marekani zikapita, halali kabisa, siyo feki. Zinatumia 1920 hadi 1930 MHz. Ulaya na huku kwetu simu za aina hiyo ziko 1880 hadi 1900. Sasa kuanzia 1920 kupanda hadi 1980 huku kwetu ndiyo njia ambayo simu yako ya mkononi inaitumia kuuongelesha mnara wa 3G. Umeona tatizo lilipo?

Tuliwahi kuitwa, mnara mmoja upande mmoja tu unalalamika, ikifika jioni simu za watu zinakatika ovyo, tumebadilisha kadi, tumebadilisha nyaya za antena, wapi. Tukatoka na kipima mawimbi na antena ya mkononi tukawa tunazunguka mtaa kwa mtaa tunafuata kelele inakoongezeka mpaka tukafika kwenye geti la mama mmoja mtu mzima. Tukaamkia, tukaomba kuingia. Simu ipo sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, kaletewa na mwanawe anayeishi Marekani. Tulipochomoa adapta ukutani, kelele kwenye skrini ikashuka pale pale. Mama wa watu hana kosa lolote, na mtoto wake hana kosa, kanunua kitu kizuri dukani. Ila kifaa kimoja cha halali cha nchi nyingine kilikuwa kinasumbua mtaa mzima.

Dunia imegawanywa kanda tatu za masafa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, Afrika tuko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya na Uarabuni, Marekani kanda ya pili. Kwao 902 hadi 928 MHz ni uwanja wa wazi, watu wanaweka vifaa vya kufuatilia magari, mita, sensa za mashambani. Kwetu 880 hadi 915 ni simu zinaongea na minara ya GSM. Mtu anaagiza sensa za shamba mtandaoni anachagua "915" kwa sababu ni bei rahisi kuliko "868" ya Ulaya, hajui ametega nini.

Na busta za kuongeza mtandao wa simu sijazigusa. Mwenye duka anafunga antena juu ya bati na nyingine ndani, hazijaachana vya kutosha, busta inaanza kujisikia yenyewe na kupiga makelele kwenye mnara. Yeye anaona mistari yote imejaa, jirani zake hawawezi kupiga simu. Hicho nacho kinauzwa Kariakoo wazi wazi.

Mtoa mada:
Kaka nakushukuru, hiyo ya DECT imenifundisha. Lakini tazama mifano yako yote mitatu: simu ya 1920, sensa ya 915, busta. Hakuna hata mmoja wa 2400. Mimi sijasema milango ifunguliwe yote, nimesema vitenganishwe. Hizo busta wazikaze hata mara mbili ya sasa, niko na wewe. Nguvu za mkaguzi ni chache, akimalizia wiki nzima kwenye mafaili ya spika nani atakwenda kuzitafuta busta?

Wakala wa forodha:
Habarini. Mimi naklia mizigo, naomba niongeze la kwenye karatasi kwa sababu ndipo watu wanapokwama.

Kwanza wengi wanakumbuka kibali meli ikishafika. Mzigo uko bandari kavu, siku za bure zimeisha, gharama za kuhifadhi zinasoma kila siku, ndipo ananipigia "wakala vipi mbona haitoki". Kibali ni cha modeli na kinatakiwa kabla. Kifanyie kazi kabla hujalipa hata dipoziti kwa saplaya.

Pili hizi namba za bidhaa za forodha (HS code) zinadanganya watu. Rauta na simu ziko 8517, hapo mfumo na afisa wote wanajua ni mawasiliano. Spika ipo 8518, mtu anaona ni spika kama ile ya waya ya baba yake, anatangaza spika basi, kumbe ndani kuna redio.

Tatu, na hili ndilo linanifanya nisikubaliane na mtoa mada kuhusu kutambua vipimo vya nje moja kwa moja. Mteja wangu mmoja alileta kamera za Wi-Fi, saplaya kampa ripoti ya maabara safi, rangi, mihuri, picha za ndani ya kifaa. Nikamwambia lete sampuli. Modeli kwenye stika ya kamera inaishia na herufi moja, kwenye ripoti inaishia na nyingine. Akasema ni rangi tu ya boksi imebadilika. Tukachukua bisibisi tukafungua, chipu ya Wi-Fi iliyo ndani siyo ile ya kwenye picha ya ripoti, na antena ambayo kwenye picha ilikuwa imechorwa kwenye bodi, hapa ni kiwaya kimegundishwa. Yaani kilichopimwa ni kitu kingine na kilichopakiwa ni kitu kingine. Sasa ukisema "CE inatosha" unaamini neno la nani? Ulaya wanamwamini mtengenezaji kwa sababu akidanganya wana wakaguzi wa soko wa kumfuata mpaka kwenye rafu na mzigo ukarudishwa. Hapa boksi likishatoka Kariakoo limekwenda Tunduma, Kigoma, Lubumbashi, utalirudisha vipi?

Mchangiaji wa Nairobi:
Huku kwetu tumepitia hayo. Wasimamizi wetu wa mawasiliano, siku hizo CCK na sasa CA, walizima simu feki mwisho wa Septemba 2012, na mpaka leo unaweza tuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwa 1555 ujue simu ni ya aina gani. Hiyo watu walikubali maana ilikuwa inaeleweka. Shida ilikuja mwishoni mwa 2024 walipotangaza ati kuanzia 1 Januari 2025 IMEI za simu zinazoingia zisajiliwe na watu wa kodi ndio simu ikubaliwe kwa mtandao. Watu wakaenda kortini na 2025 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Mimi nasema hivi: kibali cha kifaa kibaki kuwa cha usalama na masafa. Ukiingiza kodi ndani yake, mwananchi ataona yote ni njia ya kumkamua na hatasikiza hata ile sehemu ya maana.

Muuza vifaa vya simu, Mwanza:
Shikamooni wakubwa. Nyote mnaongelea bandari, mimi niongelee dukani.

Juni 2016 TCRA walipozima simu feki mimi nilikuwa na duka tayari. Tangazo tulilisikia, *#06# ya kuona IMEI tunaijua, kuituma kwenda 15090 kuhakiki tunajua, ila wateja wengi walipuuza mpaka simu zilipokufa kweli. Asubuhi yake nafungua duka nakuta watu kwenye ngazi, kila mmoja kashika simu yake, na wengi ni wa vijijini wameuza mahindi kununua ile simu. Nilienda kwa jumla niliponunua, akaniambia mzigo ukishatoka dukani kwake si wake. Nilibadilishia wachache kwa mfuko wangu, waliobaki nikawapoteza kama wateja.

Kwa hiyo mtoa mada, ukisema kibali kilegezwe, mimi wa mwisho kwenye mnyororo ndiye ninayebaki na kitu kisichopimwa mkononi, na mkaguzi akija anamkuta nani? Mwagizaji yuko Dar, simjui hata jina. Ninachotaka mimi ni namba ya kibali ichapwe kwenye boksi kabisa, nikinunua jumla niipige kwenye simu nione modeli na picha yake. Simu inahakikiwa kwa IMEI, spika na rauta na kamera hazina IMEI, nazihakiki kwa kitu gani?

Mtoa mada:
Dada, hoja ya namba kwenye boksi naichukua mzima mzima. Na wakala, ile ya chipu imenibana, nakubali kutambua karatasi tupu ya nje haitoshi.

Basi nilete hivi. Modeli ikishapimwa na kupewa kibali mara moja, kibali kiwe cha modeli kweli, anayekuja wa pili na wa ishirini na kitu kile kile asianze upya, atangaze tu kwamba wake ni huo huo na asaini kubeba lawama ikionekana siyo. Gharama ya kupima ibebwe na mtengenezaji au mwagizaji mkubwa, na kwa Afrika Mashariki iwe moja. Msiniambie haiwezekani kupanga upya milango ya vibali, 2019 chakula na vipodozi vilitolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, vikapelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na watu walisema haiwezekani vilevile.

Fundi wa minara:
Hapo umesogea, lakini aliyesaini kubeba lawama umpate wapi? Huyo wa maboksi matano kwenye kontena la kuchangia kesho hayupo, laini kabadilisha, jina la biashara kabadilisha. Hilo la kusaini nitalikubali kukiwa na dhamana ya fedha imewekwa kabla, ya kukusanya mzigo ukigundulika mbovu. Na najua utaniambia dhamana nayo itamwumiza yule yule mdogo. Sasa tuambie wewe unayeagiza, kiasi gani kinabebeka?

Mtoa mada:
Dhamana ya kikundi. Wanaochangia kontena waichangie na dhamana, kila mmoja kwa CBM (mita za ujazo) zake, na anayekusanya mzigo Guangzhou ndiye aandikwe jina. Yule hapotei, ana stoo kule na ofisi Kariakoo. Wakala, hilo kwenye karatasi linawezekana?

Wakala wa forodha:
Leo hapana, kwa sababu nyaraka ya shehena inatoka na jina la anayekusanya peke yake na waliochangia ndani hawaonekani. Wakianza kuandikwa mmoja mmoja inawezekana, lakini muulize kwanza kila mmoja kama yuko tayari jina lake lionekane TRA.