Picha ya rangi ya mafuta ya zamani imekuwa njano, niisafishe na nini?

Bint_Shangani: Wadau salaam. Nyumbani kwa bibi hapa Unguja kuna picha ya mzungu mmoja ana masharafa, nyuma ya turubai pameandikwa London 1868, marehemu babu aliinunua mnadani. Uso umekuwa njano utadhani anaumwa manjano na koti jeusi limepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Binamu yangu anasema tusugue na kiazi kilichokatwa, au spiriti. Na fundi fremu anataka kuibana na kioo.

Fundi_Mbao: Dada weka kiazi chini! Kiazi kinaacha wanga, na kwa unyevu wetu huu ukungu utakula hadi turubai. Spiriti nayo inayeyusha vanishi halafu haijui pa kusimama, inaingia kwenye rangi. Njano hiyo kwa kawaida ni vanishi ya utomvu imezeeka, chini yake uso uko salama. Mimi niliona mtu kafuta shavu zima la bibi harusi kwa pamba moja tu, pamba ikatoka ya pinki.

msomaji_kimya: Huo mpasuko wa mamba inaelekea ni lami. Wachoraji wa karne ile walipenda kuichanganya kwenye kahawia ili kivuli kikolee, sasa lami haikauki sawasawa, rangi ya juu imeshakauka ya chini bado inatembea. Hapo hata mtaalamu haunganishi, anaituliza tu. Na usikwangue, rangi nyeupe ya enzi hizo ina madini ya risasi, sumu. Halafu cheka kidogo: Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Seyyid Said, sultani wetu wa zamani, aliyefika New York na merikebu Sultana 1840, alichorwa kwa mafuta na Edward Mooney, picha yake iko Salem, Marekani. Wetu yuko kwao, wao yuko kwa bibi yako 😂

Fundi_Mbao: Kioo sawa ila kisiguse rangi, weka vijiti vyembamba pembeni mwa fremu kati ya kioo na picha, kikigusa vinagandana. Zile kabari ndogo za mbao kwenye kona nyuma usizitoe, ndizo zinavuta turubai. Ukuta wa mawe masika unatoka jasho, kwa hiyo gundisha vipande vya kizibo nyuma ya fremu hewa ipite. Vumbi, brashi laini basi. Wataalamu wenyewe wakati mwingine wanatumia mate kwenye pamba, kweli kabisa, ila wewe usianze kumtemea mzungu wa watu.

Bint_Shangani: 😂😂 Ahsanteni. Kiazi kishaingia kwenye mchuzi.