Fraipani haina mkwaruzo, mbona mayai yanaganda?

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi ❤️*

Salma: Shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa jikoni. Fraipani yangu ya kutoshika imeanza kushika. Mayai yanang'ang'ania mpaka nayabandua kwa vipande. Naigeuza huku na huku, haina mkwaruzo hata mmoja!

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Umeigusa na uma wewe. Au stilwaya.

Salma: Haki ya Mungu shangazi, mwiko wa mbao tu, na sponji laini

Shangazi Rehema: Basi dada wa kazi, siku haupo.

Salma: Sina dada wa kazi shangazi 😂😂

Idi: Tuma picha

Salma: 📷 Picha

Idi: Hayo madoa ya kahawia pembeni, ukipitisha kidole yanateleza au yananata?

Salma: Yananata. Pembeni kuliko katikati

Idi: Basi haijafa hiyo. Ni mafuta yaliyoungua yakakauka kama vanishi. Unatumia yale ya kopo, ya kupuliza?

Salma: Eeh, si ndiyo yanaokoa mafuta

Idi: Yanaokoa mafuta yanamaliza fraipani. Mengi yana lesithini ndani, kitu cha mafutamafuta cha kuzuia chakula kushika. Ikitua pale pembeni pasipofikiwa na chakula, inaungua na kuganda, na sabuni ya kawaida haiing'oi. Kesho unapuliza tena juu yake, keshokutwa tena.

Mama Zuhura: Mimi nilijua za kutoshika hazitaki mafuta kabisa

Idi: Zinataka kidogo ma mdogo. Matone machache, unapaka kwa kitambaa kabla ya kuwasha moto.

Mjomba Hamisi: Nimewasoma. Mnagombana na uma na makopo, mwuaji mwenyewe mmemwacha. Ni moto.

Mjomba Hamisi: Lile tabaka jeusi linaitwa PTFE. Aligundua Roy Plunkett mwaka 1938, tena kwa bahati, alikuwa anatafuta gesi ya majokofu. Wengine mnaijua kwa jina la Teflon. Inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, ila watengenezaji wengi wanakwambia usivuke 260. Sasa fraipani tupu juu ya moto mkali inafika huko kwa dakika chache tu. Wewe bado unakata kitunguu.

Zuhura: Mjomba leo kemia 😂

Shangazi Rehema: Hamisi, nani ana kipimajoto jikoni?

Mjomba Hamisi: Hakihitajiki dada. Tia kipande cha siagi. Ikitoa povu taratibu, moto uko sawa. Ikiwa kahawia papo hapo, punguza. Mafuta yakianza kufuka moshi umeshapitiliza. Moto wa kati unatosha karibu kila kitu, na kama jiko ni la induksheni (lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku) anza chini kabisa maana linapandisha haraka mno.

Juma: Shikamoo mjomba. Hivi ni kweli moshi wa hizi fraipani unaua ndege? Kasuku wangu tundu lake liko jikoni

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mtoe leo hii. PTFE ikiunguzwa inatoa gesi ambazo mapafu ya ndege hayazihimili, na anaweza kufa haraka sana. Mtu mzima naye akivuta nyingi anapata homa inayofanana na mafua, kwa kawaida inaisha baada ya siku moja mbili. Ukisahau fraipani tupu jikoni, zima, fungua madirisha, toka. Na usiitie maji!

Juma: Maji yana nini tena

Mjomba Hamisi: Alumini ya moto ikikutana na maji baridi inajipinda. Kitako kikishabinuka katikati, mafuta yote yanakimbilia pembeni na pale kati panaungua pakavu. Hata siku ya kawaida iache ipoe ndipo uoshe.

Mama Zuhura: Zuhura unasikia? Ile "chwaaa" ya kila jioni ndiyo mjomba wako anaisema

Zuhura: Mama jamani, mbele ya kikundi kizima 🙈

Zuhura: Ila yangu ni ile nyeupe ya seramiki, hainihusu

Mjomba Hamisi: Inakuhusu. Hiyo haina PTFE, kwa hiyo moto inauvumilia zaidi, lakini utelezi wake unaisha mapema kuliko hizi nyeusi. Malezi ni yaleyale.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Idi: Kwa ambao hawajafungua: Bibi anauliza, vile vipande vyeusi vikibanduka vikaliwa, si sumu?

Idi: Shikamoo Bibi. Vipande vyenyewe havimeng'enywi, vinatoka kama vilivyoingia. Iliyozua kelele ni PFOA, kemikali ya kiwandani ya kutengenezea hilo tabaka, na kampuni kubwa Marekani ziliahidi kuiacha kabla ya 2015 kuisha. Lakini fraipani inayobanduka unaihifadhi ya nini? Mpe fundi achanganyie rangi.

Shangazi Rehema: Na mashine ya kuoshea vyombo? Boksi langu limeandika inaruhusiwa

Mama Zuhura: Kuruhusiwa si kufaidika wifi. Sabuni ya mashine ni kali. Mkono, maji ya uvuguvugu, dakika moja umemaliza. Na mkizipanga kabatini wekeni kitambaa kati yake, kitako cha moja kinakwaruza uso wa nyingine.

Salma: Jamani mgonjwa wangu bado yuko mezani 😩 naisafisha vipi

Idi: Maji nusu ya fraipani, vijiko viwili vya bekingi soda, chemsha moto mdogo dakika kama kumi. Ipoe. Kisha koroga soda na maji kidogo iwe uji mzito, usugue kwa sponji laini ukizungusha, usikazane. Isimwagikie nje kama nje ni alumini tupu, itapiga weusi.

*(Jioni)*

Salma: Kahawia imetoka yote katikati! Yai limeteleza lenyewe. Pembeni kumebaki mstari mwembamba

Idi: Rudia mara moja siku nyingine. Usipotoka uache, ukiukomalia utang'oa na tabaka lenyewe

Mjomba Hamisi: Na lile kopo?

Salma: Nimempa Zuhura apulizie trei zake za kuokea, zile za bati tupu

Zuhura: Limefika 😋