Nitapunguzaje uzito ilhali goti na mgongo haviniruhusu kufanya mazoezi?

Mwenye Goti

Ndugu zangu, salaam. Nina umri wa miaka 49. Miaka 3 iliyopita nilianguka nikaumia goti la kulia, na baada ya kupigwa eksirei nikaambiwa kwamba goti hilo limekwisha kuanza kusagika. Mwaka uliofuata mgongo nao ukaanza kuuma sehemu ya kiunoni, na maumivu hushuka hadi pajani kila ninapokaa kwa muda mrefu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kukimbia asubuhi, na uzito wangu haukuwahi kuzidi kilo 78. Leo nina kilo 103 kwa urefu wa sentimita 170.

Mwezi uliopita nilijilazimisha kutembea kwa kasi kwa dakika 45. Goti lilivimba, nikashinda kitandani siku 4, na tangu hapo ninaogopa hata kujaribu. Daktari ameniambia nipunguze uzito ili goti lipate nafuu, lakini goti lenyewe ndilo linalonizuia kufanya yale ambayo ningeyafanya ili kupunguza uzito, na sioni mlango wa kutokea. Siutafuti mwili wa mwanariadha. Ninataka kuinuka kwenye kiti bila kushika meza na kupanda ngazi bila kusimama katikati. Nianzie wapi?

Tiba ya Viungo

Pole sana, ndugu yangu. Ninafanya kazi ya tiba ya viungo, na watu wenye hali kama yako ndio ninaowaona zaidi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Kosa la mwezi uliopita halikuwa kutembea, bali kipimo. Goti ambalo halijafanya kazi kwa miaka 3 limepoteza misuli ya mbele ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya mshindo wa kila hatua; inapolegea, mzigo wote unaangukia kwenye kiungo chenyewe. Ukiliamsha goti la namna hiyo kwa dakika 45 za kasi, litavimba. Dakika 5 kwenye sehemu tambarare, mara 3 kwa siku, zingekuwa jambo tofauti kabisa.

Anza ukiwa umelala au umekaa. Nyoosha mguu, kaza misuli ya paja kana kwamba unalisukuma goti chini kwenye godoro, hesabu hadi 5, legeza, na urudie mara 10. Kisha kunja mguu mmoja, ule mwingine uunyanyue ukiwa umenyooka kwa urefu wa takriban sentimita 30, ukiushusha polepole. Mgongo ukilalamika, acha hilo la pili kwa sasa. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuinuka kwenye kiti na kukaa tena, kwa sababu ndilo lile lile unalotaka kuliweza. Tafuta kiti kirefu, au ongeza mto imara juu yake, kwa kuwa kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo goti linavyokunjika kidogo. Mto huo utauondoa baada ya wiki kadhaa, misuli itakapokuwa tayari.

Kuhusu maumivu, usingoje yaishe ndipo uanze. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 4 wakati wa zoezi kwa kawaida tunayavumilia, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa yamezidi, au goti likivimba, punguza idadi kwa nusu. Usiache moja kwa moja. Lakini ukihisi ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo, mguu ukikosa nguvu ghafla, au kifua kikikubana, hayo si ya kuvumilia wala ya kuuliza mtandaoni: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama unaweza kufika kwenye bwawa la kuogelea, maji ni rafiki mkubwa wa goti. Mtu aliyesimama kwenye maji yanayofika kiunoni hubeba takriban nusu tu ya uzito wake, na yakifika kifuani hubeba pungufu zaidi. Huna haja ya kujua kuogelea. Kutembea ndani ya maji kunatosha.

Msafiri

Mimi ninaona mazoezi unaweza kuyaweka kando. Nilipunguza kilo 11 kwa kufunga saa 18 kila siku, nikinywa maji tu hadi jioni. Jaribu hilo kwanza.

Mama wa Watatu

Ndugu Msafiri, nakupongeza, lakini ninaomba tusimpe mtu ushauri huo kabla ya kujua anatumia dawa gani. Ndugu Mwenye Goti, je, unatumia dawa yoyote ya kila siku?

Niseme na yangu. Nilivunjika nyonga, nikaongezeka sana uzito nilipokuwa siwezi kutembea, kisha nikapunguza kilo 19 kwa muda wa miezi 16. Nyingi kati ya hizo zilitoka kabla sijaweza kutembea hata robo saa mfululizo, na ndiyo maana ninataka ulitenganishe jambo hili akilini mwako: uzito hushuka zaidi kwa chakula, na nguvu hurudi kwa mazoezi. Mtu wa kilo 100 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida hutumia takriban kilokalori 150 hadi 200, na nusu lita ya kinywaji chenye sukari humrudishia zote kwa dakika chache. Kwa hiyo goti lako halijafunga mlango kama unavyofikiri.

Nilianza kwa kuacha vinywaji vya sukari, nikatumia sahani ndogo zaidi, nikajaza nusu yake mboga, na nikahakikisha kila mlo una protini ya kutosha, iwe mayai, samaki au jamii ya kunde. Protini haikuwa ya kushiba tu. Anayepungua haraka huku akila kidogo mno hupoteza misuli pamoja na mafuta, na sisi wenye viungo vibovu hatuna misuli ya kupoteza. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Kwako, asilimia 5 ya uzito ni kama kilo 5, na watafiti waliopima mwendo wa watu wazito wenye magoti yaliyosagika walikuta kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa takriban kilo 4 za mzigo kwenye goti katika kila hatua.

Pima pia kiuno kwa utepe. Kuna wiki 3 ambazo mizani yangu haikusogea huku nguo zikilegea, na bila utepe ule ningeacha.

Magurudumu

Ninatumia kiti cha magurudumu tangu mwaka 2011, nami ninakuomba usiidharau nusu ya juu ya mwili wako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wenye ulemavu wafikie, kadiri wanavyoweza, dakika zile zile 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na unaeleza wazi kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Nilianza kwa dakika 4 za kuzungusha mikono nikiwa nimekaa. Mikanda ya mpira ya kuvuta ilinisaidia sana, ila nilikosea kwa kufanya misukumo ya mbele peke yake hadi mabega yakaumia. Kila unaposukuma, fanya na zoezi la kuvuta nyuma. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, kasi yako ni ya wastani.

Mwenye Goti

Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Dada Mama wa Watatu, ndiyo, ninatumia glibenklamidi kwa ajili ya kisukari, na sikulitaja kwa sababu sikuona kwamba linahusika.

Tiba ya Viungo

Linahusika sana. Dawa hiyo huusukuma mwili kutoa insulini hata kama hujala, kwa hiyo ukifunga saa 18 sukari inaweza kushuka kwa kiwango cha hatari. Usifunge, na usiache dawa kwa uamuzi wako. Mweleze daktari wako kwamba unapunguza chakula na unaanza mazoezi, ili aangalie kama dozi inahitaji kubadilishwa. Jihadhari na kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa, na uweke kitu chenye sukari karibu unapofanya mazoezi.

Msafiri

Ninaomba radhi. Nilizungumza kabla ya kuuliza.

Mwenye Goti

Hakuna neno, ndugu yangu. Nitamwona daktari Jumatatu. Leo nimeweka mto kwenye kiti, nikainuka mara 6 bila kushika meza; goti limefika 3 katika kile kipimo. Kesho asubuhi nitaandika limeamkaje.