Lowassa kabla ya uwaziri mkuu alifanya nini?

Wakuu, kila nikisoma habari za Edward Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu wa Tanzania, nakuta Richmond (kashfa ya mkataba wa umeme) na kujiuzulu Februari 2008 tu. Huko nyuma je?

— Mkuu, tuulize sisi wa Kahama. Akiwa Waziri wa Maji na Mifugo alilipigania bomba la Ziwa Victoria, kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na huku kwetu, Misri ikiwa inang'ang'ania mkataba wa Nile wa 1929, uliotaka iombwe ridhaa kwanza kabla ya kutumia maji hayo. Mama alikuwa akichota maji ya tope lamboni kwa kata, anayaacha usiku kucha yatuame. Sasa anafungua bomba uani. Namheshimu kwa hilo.

— Sawa, ila 2015 alihamia Chadema, chama cha upinzani, tukampa karibu asilimia 40 ya kura za urais. 2019 akarudi CCM, chama tawala. Iliniuma sana.